Gari linalala kwenye kona: maswali yenu kuhusu stabilaiza na shokapu

Wiki hii nimekusanya maswali ya wenye magari ya kasi, maana mengi yanazunguka jambo moja: gari kulala kwenye kona na namna ya kulizuia lisilale. Marefu nimeyafupisha. Ninaposema stabilaiza nina maana ile fito ya chuma iliyopindwa mithili ya herufi U, inayopita chini ya gari kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Katikati imeshikwa na bushi mbili kwenye bodi, na kila ncha imeungwa kwa linki kwenye arm (chuma kinacholishikilia gurudumu) au kwenye shokapu.

Shikamoo fundi. Nina Altezza ya mwaka 1999, gia za mkono. Kwenye kona inalala mpaka abiria wanashikilia milango. Jamaa wa gereji kasema niweke stabilaiza nene mbele na nyuma, gari litashika barabara zaidi. Ni kweli? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba. Kwamba litapunguza kulala, ni kweli. Kwamba litashika barabara zaidi, hapo jamaa yako kachanganya mambo mawili, na mchanganyo huo umewagharimu watu wengi, kwa hiyo nitalieleza hili taratibu.

Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, stabilaiza inazunguka tu ndani ya bushi zake. Haina kazi. Kazi inaanza ukikata kona. Ukikata kulia, bodi inaegemea kushoto: gurudumu la kushoto linaingia juu kwenye bodi, la kulia linaning'inia. Fito sasa inanyongwa kama nguo inayokamuliwa, na chuma cha springi hakikubali kunyongwa bure. Kinarudisha nguvu. Upande wa nje kinaizuia bodi isishuke, upande wa ndani kinalivuta gurudumu juu. Kwa maneno mengine, kinachukua uzito kutoka tairi la ndani na kuupeleka tairi la nje.

Jumla ya uzito unaohama kwenye kona haiamuliwi na stabilaiza. Inaamuliwa na uzito wa gari, kimo cha kitovu chake cha uzito, upana kati ya magurudumu, na kasi uliyoingia nayo. Stabilaiza inaamua mgawanyo tu: mbele wabebe kiasi gani, nyuma wabebe kiasi gani. Fikiria wapagazi wawili waliotundika gunia kwenye mti mmoja begani. Ukilisogeza gunia kuelekea kwa wa mbele, wa nyuma anapumua, lakini gunia halijapungua hata kilo moja.

Sasa uongeze tabia ya tairi. Ukiliongezea tairi uzito mara mbili, halishiki mara mbili, linashika pungufu ya hapo. Ndiyo maana jozi ya matairi ambayo moja limelemewa na jingine linaning'inia hushika pungufu ya jozi iliyogawana mzigo. Basi upande uliouwekea fito nene ndio utakaoachia kwanza. Ukinenepesha mbele, pua itakimbilia nje ya kona. Ukinenepesha nyuma, mkia utataka kupita mbele yako. Na Altezza inasukumwa na magurudumu ya nyuma: kama difu yako ni ya kawaida, si ile ya kujifunga, fito nene ya nyuma italinyanyua tairi la ndani, nalo litazunguka bure ukikanyaga mafuta unapotoka kwenye kona. Utasikia tairi likilia, lakini gari haliendi.

Je, stabilaiza haina faida? Inayo. Gari linaitika haraka usukani unapougusa, na bodi iliyosimama wima huyaacha matairi yakanyage kwa uso wote. Lakini faida hiyo ya pili Altezza inaihitaji kidogo, kwa sababu ina wishiboni mbili kila kona, yaani arm moja juu na moja chini, mbele na nyuma, na mfumo huo hulitunza tairi vizuri hata bodi ikiinama.

Tuje kwenye gari lako lenyewe. Limepita miaka 25. Mpira wa bushi hauishi umri huo. Kabla hujanunua fito yoyote, lipandishe kwenye mashine, shika linki za stabilaiza kwa mkono uzitikise, halafu tia nondo kwenye bushi za arm uzibinye. Zikiwa zimepasuka, au linki inacheza, stabilaiza uliyonayo haifanyi kazi, maana sehemu ya kwanza ya mwendo wote inapotelea kwenye ule uwazi. Nimeona Altezza zinazolala kama jahazi zikarudi kuwa gari baada ya bushi, linki na shokapu mpya za kawaida tu. Fanya hivyo kwanza. Ukiona bado hujaridhika, ongeza fito ya mbele kwa hatua moja ndogo, ya nyuma iache ilivyo.

Fundi, salamu kutoka Eldoret. Impreza WRX yangu ya 2004 inagoma kukata kona nikiteremka Tambach kwenda Kerio. Nazungusha usukani, pua inaenda nje. Nimeona stabilaiza ya nyuma ya milimita 25 inauzwa. Niichukue?

Usiichukue hiyo ya 25. Lakini wazo la kuanzia nyuma ni sahihi kwa gari lako, tofauti na ndugu yetu wa Tabata.

Pua ya Impreza ni nzito kwa maumbile: injini yake ya bapa imekaa mbele ya ekseli ya mbele. Kiwandani waliiacha isukume nje kidogo kwa makusudi, kwa sababu dereva wa kawaida akiogopa huondoa mguu kwenye mafuta, na gari la namna hiyo likipunguziwa mafuta hurudi lenyewe kwenye mstari. Ukikaza nyuma kidogo, unaipunguzia mbele sehemu ya kazi, pua inaanza kusikiliza.

Neno la kushika ni "kidogo". Ugumu wa fito haukui sambamba na unene wake. Unakua kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Kutoka milimita 20 kwenda 22 ni milimita mbili tu, kwa macho hutaona tofauti, lakini ugumu umepanda kwa asilimia 46. Kutoka 17 kwenda 20 ugumu unakaribia kuwa mara mbili. Na kutoka 20 kwenda 25? Karibu mara mbili na nusu. Kwa hiyo chukua kalipa, kile chombo cha kupimia unene, ingia chini ya gari upime uliyonayo kabla ya kuzungumza na muuzaji, maana Impreza za miaka ile hazikufungwa fito moja. Ukikuta 17, nenda 19 au 20. Ukikuta 20, ishia 22.

Wauzaji wengine watakuletea fito yenye uwazi ndani na kukuambia ni dhaifu au ni bora, kutegemea wanayo ipi dukani. Hesabu yake ni hii: fito ya milimita 22 iliyotobolewa ndani milimita 14 imepoteza asilimia 16 ya ugumu, lakini imepunguza asilimia 40 ya uzito. Sehemu ya katikati ya chuma hufanya kazi ndogo sana kinaponyongwa. Si ulaghai, ni uhandisi mzuri. Ila usilinganishe unene wa nje wa fito yenye uwazi na ile iliyojaa ukadhani umelinganisha ugumu.

Kuna jambo jingine, nalo nililijua kwa uchungu. Impreza yangu ya kizazi hicho hicho niliifunga fito nene ya nyuma nikaacha vishikizo vya kiwandani, vile vya bati lililokunjwa vinavyobeba bushi. Miezi michache baadaye, kwenye kona za Mombo kwenda Lushoto, nikasikia mlio mmoja kama risasi. Kishikizo kimoja kilikuwa kimechanika. Gari lililokuwa linakata kona kwa mkia mwepesi likageuka ghafla, likawa la kusukuma pua nje, katikati ya kona, na upande wa pili ni bonde. Nilikuwa naenda polepole, nashukuru. Tangu siku ile sifungi fito ya 22 kwenye Impreza ya kizazi hicho bila vishikizo vilivyoimarishwa. Uvinunue siku moja na fito.

Kabla ya hayo yote, kuna bolti mbili za kila shokapu ya mbele pale inapokutana na nguzo ya gurudumu. Ile ya juu ni ya kurekebisha kemba, yaani kiasi cha tairi kuinamia ndani kwa juu. Gari lako mbele lina shokapu za nguzo, zinazolishika gurudumu zenyewe bila arm ya juu, ambazo bodi ikilala, tairi la nje nalo hulala na kukanyagia ubavu. Mpelekee fundi wa alaimenti mwenye mashine, mwambie akupe kemba ya nyuzi moja hadi moja na nusu ndani kwa pande zote mbili, sawasawa. Ni kazi ya saa moja. Kwa Impreza nyingi nilizoziona, saa hiyo moja imefanya zaidi ya stabilaiza.

Watu wa kwenu wanapenda kunitajia Impreza za Safari Rally, ile aliyoshinda nayo Colin McRae mwaka 1997 na ya Richard Burns mwaka 2000. Nami nazipenda. Lakini gari la rali la vumbi na mawe hukaa juu, springi zina mwendo mrefu, na stabilaiza zake ni laini kuliko za gari la lami, ili kila gurudumu lifuate shimo lake bila kumvuta mwenzake. Ukitaka kuwaiga, uwaige hapo.

Fundi habari. Mark X yangu ninataka ishuke chini kidogo. Nimeambiwa fundi anakata koili moja na nusu ya springi, kazi ya nusu saa, halafu nikiweka stabilaiza inakuwa kama gari la mashindano. Unasemaje? (Dodoma)

Nasema hapana, na naomba unisikilize.

Ni kweli springi ikikatwa inakuwa ngumu zaidi. Yenye koili sita zinazofanya kazi ukiikata moja, inakuwa ngumu kwa asilimia 20. Lakini gari limeshuka kwa zaidi ya ulichokipata kwenye ugumu, kwa hiyo mwendo uliobaki kabla ya shokapu kugonga kizuizi chake cha mpira ni mfupi. Kila tuta linakuwa nyundo. Na gurudumu likiwa limegonga mwisho wake katikati ya kona, hapo springi haipo tena, stabilaiza haipo tena. Uzito wote unapigwa kwenye tairi kwa mara moja na tairi linaachia.

Ncha iliyokatwa nayo haikai vizuri kwenye kikombe chake. Gari likirukia shimo na gurudumu likaning'inia, springi iliyofupishwa inalegea kabisa na inaweza kuhama mahali pake. Nimeona iliyohama. Ilikuwa imekula mpira wa breki mpaka kwenye nyuzi.

Tena kushusha gari hakuondoi kulala kama watu wanavyodhani. Kila mfumo wa magurudumu una nukta ambayo bodi huizunguka inapoinama. Ukilishusha gari, kitovu cha uzito kinashuka, lakini nukta ile nayo inashuka, na kwenye magari ya shokapu za nguzo inashuka haraka zaidi. Umbali kati ya hivyo viwili ndio wenzo unaoilaza bodi. Kwa hiyo unaweza kushusha gari sentimita tano na likawa na hamu kubwa zaidi ya kulala kuliko mwanzo, usipokuwa umeongeza ugumu wa springi. Mark X ina wishiboni mbili mbele na viungo vingi nyuma, madhara hayo kwake ni madogo, lakini yapo. Ukiona arm ya chini ncha yake ya nje imekaa juu kuliko ya ndani gari likiwa limesimama, umepita kiasi.

Kama lazima lishuke, nunua springi zilizotengenezwa kwa Mark X, zinazoshusha sentimita mbili mpaka tatu, pamoja na shokapu zinazoziweza. Kama pesa hiyo haipo, liache juu. Linapendeza hivyo hivyo.

Nimebadilisha linki za stabilaiza, sasa gari linagonga "ko ko ko" kwenye rasta na matuta madogo. Linki ni mpya kabisa. (Mwanza)

Sababu mbili ndizo hukutwa mara nyingi. Nati ya linki haikukazwa mpaka mwisho kwa sababu pini ya katikati ilikuwa inazunguka nayo. Inabidi ushike pini kwa spana ya pembe sita huku unakaza nati kwa spana nyingine. Au bushi zile mbili za katikati zimelika na fito inadunda ndani yake. Fungua kishikizo uangalie. Ukikuta fito yenyewe imelika pale inapokaa bushi, bushi mpya ya kipimo cha kiwandani nayo itacheza. Pima, ununue ndogo yake.

Ukiweka bushi za poliuretani, ile plastiki ngumu inayofanana na mpira, zipake grisi ya silikoni. Mafundi wengi wanapaka grisi ile ya bearingi, na kwa bushi za mpira wa kawaida grisi ya petroli huufanya mpira uvimbe na kuoza. Poliuretani isiyo na grisi inayofaa italia kama mlango wa zamani kila ukipanda kizingiti.

Assalaam alaykum fundi. Niko Muscat, nina GT86. Nimenunua stabilaiza za kurekebisha, nyuma ina matundu matatu kila upande. Nifunge tundu lipi? Natumia sana barabara ya mlima ya Bausher kwenda Amerat.

Wa alaykum salaam. Tundu lililo karibu zaidi na ncha ya fito ndilo laini, la ndani ndilo gumu, kwa sababu mkono wa fito umefupishwa. Kwa makadirio, ugumu hupanda kwa mraba wa ule ufupisho: mkono ukitoka milimita 250 hadi 230, umeongeza karibu asilimia 18. Anza na lile laini.

Nitakueleza kwa nini. Ukipima fito ya nyuma iliyotoka kiwandani utakuta takriban milimita 14, nyembamba sana. Gari lako ni jepesi, na Toyota na Subaru walipolitoa mwaka 2012 walitaka mkia uwe mchangamfu bila msaada wa fito nene. Mchangamfu wa kutosha. Ukiweka ya 16 iliyojaa, hata kwenye tundu laini, huenda umeongeza ugumu kwa asilimia 70. Ongeza mbele kwanza, uendeshe wiki mbili, halafu uamue kama nyuma kunahitaji chochote.

Kinachosahaulika zaidi ni urefu wa linki. Fito mpya ikifungwa gari likiwa limenyanyuliwa upande mmoja, au linki za kushoto na kulia hazilingani, fito inakuwa imekwisha kunyongwa kabla hujawasha gari. Kona za kulia zitakuwa na tabia moja na za kushoto tabia nyingine, na utahangaika na alaimenti bila kupata jibu. Funga linki ya upande mmoja. Gari likiwa limekanyaga chini kwa magurudumu yote manne, juu ya sakafu iliyonyooka, nawe umekaa kwenye kiti au kuna mzigo wa uzito wako, rekebisha linki ya upande wa pili mpaka bolti iingie kwa vidole bila kusukumwa. Hapo ndipo ukaze.

Na kwa joto la huko, pima upepo wa matairi asubuhi kabla ya safari. Ukiupima alasiri baada ya kupanda mlima utaona umezidi, utaupunguza, na kesho asubuhi utaendesha na matairi yaliyolegea.

Kuna mtu ananishauri niondoe stabilaiza kabisa kwenye Forester kwa sababu barabara yetu ni mbovu. (Karatu)

Anachokisema kina chembe ya ukweli. Kwenye mashimo ya gurudumu moja moja, fito inampelekea jirani kila pigo, na kichwa chako kinatikiswa kulia kushoto. Ndiyo sababu kuna Jeep Wrangler zinazoachanisha fito ya mbele kwa kubonyeza swichi, na Toyota wana mfumo wa KDSS kwenye baadhi ya Land Cruiser na Prado unaoilegeza fito kwa mafuta ya haidroliki njia ikiwa mbaya na kuikaza kwenye kona. Lakini magari hayo fito inarudi kazini yakifika kwenye lami. Yako haitarudi. Siku utakapomkwepa mbuzi kwenye barabara ya Arusha kwa kilomita 80, bodi ya Forester isiyo na stabilaiza italala upande mmoja, na ukirudisha usukani italala upande wa pili kwa nguvu zaidi. Usiiondoe.

Pesa yangu inatosha kitu kimoja: koilova (shokapu na springi pamoja, za kurekebisha kimo) za mtumba kutoka Japani, stabilaiza mbele na nyuma, au matairi mapya manne. Gari ni Mazda Roadster. (Nairobi)

Matairi. Sihitaji hata kulitazama gari.

Kila ninachokieleza kwenye ukurasa huu, springi, fito, shokapu, kinafanya kazi moja ya kuamua tairi libebe nini. Anayeshika barabara ni tairi peke yake, kwenye sehemu nne zenye ukubwa wa kiganja. Soma namba nne za mwisho ubavuni, kwenye ile mistari inayoanza na herufi DOT. Ukikuta 2316, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata zake, yaani meno ya tairi, zinaweza kuwa bado ndefu na mpira umeshakuwa mgumu kama soli. Tairi la namna hiyo kwenye mvua ni hatari, hata likiwa chini ya gari lenye koilova za bei gani.

Roadster ilitoka 1989 ikiwa na wishiboni mbili kila kona, na tangu kizazi cha 2005 nyuma ina viungo vingi. Ni moja ya magari yanayojibu vizuri zaidi ukiyapa matairi mazuri na alaimenti sahihi bila kugusa kitu kingine.

Kuhusu koilova za mtumba, kwa kuwa najua ipo siku utazinunua: usitazame rangi. Zishike wima, bonyeza pini ya shokapu mpaka chini kisha uiachie. Ya gesi inapaswa kupanda yenyewe, polepole, bila kukwama. Ikibaki chini, gesi imeondoka. Pitisha kidole kwenye pini, ukihisi mkwaruzo, sili yake itavuja. Zungusha zile nyuzi za kurekebisha kimo. Zilizoshikwa na kutu hazitarekebishika. Kisha soma namba kwenye springi. Wajapani huandika kilo kwa milimita, na zilizotoka kwenye magari ya viwanja vya mashindano mara nyingi ni 10 au zaidi. Kwa gari jepesi kama lako, kwenye barabara zenye mabaka, gurudumu litakuwa linaruka hewani badala ya kukanyaga. Tafuta zenye nusu ya ugumu huo.

Fundi, mume wangu alibadilisha stabilaiza ya nyuma ya RunX yetu akaweka nene sana, mbele hakugusa. Yeye anaifurahia. Mimi ndiye ninayempeleka mtoto shule. Wiki iliyopita mvua ikinyesha niliingia kwenye mzunguko, nikaogopa kasi nikaachia mafuta, nyuma ya gari ikazunguka mpaka tukatazama tulikotoka. Anasema niliendesha vibaya. (Kampala)

Dada yangu, pole sana, na namshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto. Hukuendesha vibaya. Ulifanya alichokifanya kila dereva aliyeogopa tangu magari yaanze.

RunX inavutwa na magurudumu ya mbele, na nyuma yake ni ekseli moja inayonyongwa, ambayo yenyewe tayari inafanya sehemu ya kazi ya stabilaiza. Kuongeza fito nene juu ya hiyo kunaifanya nyuma iwe ngumu kuliko mbele. Kwenye lami kavu, dereva mwenye mkono mwepesi anapenda: gari linageuka upesi, pua haigomi. Lakini ukiachia mafuta katikati ya kona, uzito unahamia mbele na nyuma inabaki nyepesi. Tairi moja la nyuma limeshaachwa linaning'inia na ile fito, lile jingine limebeba kila kitu, na chini kuna maji. Linaachia. Na linapoachia kwenye gari la namna hii, haliachii pole pole.

Dawa inayojulikana ni kutoachia mafuta, kugeuza usukani kuufuata mkia, na hata kuongeza mafuta kidogo ili pua ilivute gari. Madereva wa mashindano huyafanya hayo bila kufikiri. Sikuombi ujifunze hayo ukiwa na mtoto kiti cha nyuma.

Msomee mumeo sehemu hii. Kaka, gari linaloendeshwa na watu wawili linafungwa kwa ajili ya yule anayeliendesha kwenye mvua. Rudisha fito ya kiwandani, hata wikendi hii. Ni bolti chache tu, na kama uliitunza ile ya zamani hutatumia shilingi. Angalia pia matairi ya nyuma: wengi huweka mapya mbele na kuyasukuma yaliyokwisha nyuma kwa sababu mbele ndiko kunakovuta. Yenye kashata ndefu yaende nyuma. Upepo uwe wa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ukitaka gari lichangamke, anza na shokapu nne mpya za kawaida, halafu uliendeshe mwenyewe kwenye mvua, ukiwa peke yako, kabla ya kumpa mkeo ufunguo.